Kigelegele kisichofika nusu

Jumamosi iliyopita mzee mmoja wa Kijerumani alinigeukia, akaweka kidole midomoni, akanitolea "psss" ndefu kama tairi la baiskeli linaloishiwa upepo. Kosa langu lilikuwa kigelegele. Kimoja tu, tena hakikufika hata nusu.

Ngoja nieleze, maana shoga yangu wa Dar nilipomsimulia alisema nimejitakia. Nilikuwa kanisani hapa Mainz. Haikuwa ibada, ulikuwa uzinduzi wa opera mpya, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Opera ndogo, ile wanayoiita ya chumba: waimbaji sita, wapiga vyombo wanane, pazia hakuna, na jukwaa ni pale pale mbele ya altare. Kisa chake ni cha Hildegard wa Bingen, mtawa aliyeishi kando ya mto huu huu wa Rhine. Mwaka 1178, akiwa bibi wa miaka 80, watawa wake walimzika katika makaburi yao mtu aliyewahi kutengwa na Kanisa. Wakubwa wa Mainz wakaamuru afukuliwe. Bibi akakataa, akasema marehemu alishapatana na Kanisa kabla ya kufa. Wakamwadhibu yeye na nyumba yake yote: hakuna komunyo, hakuna kuimba. Sala zao wazisome kwa sauti ya chini, milango imefungwa. Amri ile iliondolewa Machi 1179, na Septemba hiyo hiyo bibi akafariki.

Sasa katika opera hii, kwa muda mrefu wale watawa hawaimbi. Wananong'ona tu, na fidla moja inakwaruza chini chini mpaka unasikia vibaya tumboni. Halafu amri inaondolewa. Sauti ya kwanza inapanda peke yake, inatafuta njia. Ya pili inaifuata. Jamani, mimi nimeimba sauti ya kwanza Temeke miaka 11. Mlitaka nifanyeje? Kilitoka chenyewe.

Ndipo kidole. Watu wamefungwa midomo miezi na miezi, leo wamefunguliwa, na mimi ninayefurahi nao ndiye ninayefungwa! Nilitaka kumuuliza mzee wa watu kama anafanya kazi ofisi ile ile iliyotoa amri mwaka 1178.

Basi nikakaa nimenuna. Na mtu aliyenuna hana kazi ila kuangalia wenzake. Kanisa lilikuwa karibu limejaa, wengi wao wazee wenye mvi. Dakika 80 hakuna simu iliyowaka. Aliyebanwa na kikohozi alikimeza mpaka muziki uliposimama, ndipo kanisa zima likakohoa kwa pamoja kama kwaya. Kazi ile ilikuwa haijawahi kusikiwa na mtu yeyote duniani, hakuna aliyejua kama ni nzuri au ni takataka, na bado waliikalia kimya mpaka nota ya mwisho. Hapo ndipo nikamkumbuka Mwalimu, hasira ikahama kutoka kwa yule mzee ikaja kwetu.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na daftari la kaunta, jalada jeusi gumu, mgongo mwekundu. Humo aliandika kwa sol-fa, bluu kwa nota na nyekundu kwa masahihisho, kisa cha kuimba cha dakika 40. Yeye hakukiita opera. Alikiita "ile kazi". Ilikuwa safari ya Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone waliobeba maiti yake.

Livingstone sote tulimsoma. Waliombeba tulipewa mstari mmoja na nusu. Mwalimu aliuchukua mstari ule na nusu akaufanya kazi ya maisha yake. Mzungu anafariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Wanautoa moyo wanauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana aliyewahi kuwa mtumwa, anasoma sala. Mwili wanaukausha juani, wanaufunga kwa gome la mti na turubai, wanatembea nao miezi tisa. Njiani inabidi waufiche ufanane na mtumba wa vitambaa, maana nani atakubali maiti ipite kijijini kwake? Februari 1874 wanafika Bagamoyo, kwa mapadri wa Roho Mtakatifu waliokuwa pale tangu 1868, na mwili unalala kanisani usiku mmoja. Baada ya hapo Waingereza wanauchukua. Tarehe 18 Aprili, mazishini Westminster Abbey, London, katika wale wabebaji alikuwapo Wainwright peke yake. Chuma na Susi hawakuwapo.

Pale pa Bagamoyo Mwalimu alikuwa na mstari ambao mpaka leo nikiosha vyombo unanijia: "Moyo tuliubwaga kwa Chitambo, hapa tunabwaga mwili." Sauti ya nne inaanza, sisi wengine tunaingia kwenye "mwili" kama watu wanaotua kitu kizito taratibu kisipasuke. Tulifanya mazoezi miezi mitano, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, chini ya mwarobaini nyuma ya kanisa. Watu 42, na siku ya siku hakuna aliyeshika karatasi. Hawa sita wa Mainz walikuwa na vitabu mkononi na bado mmoja alipotea. Nasema tu.

Kisha ukaja uzinduzi wetu. Kadi ilisema saa 8 mchana. Saa 8 tulikuwa tumejipanga na sare mpya za kitenge, zile tulizozichangia kwa awamu tatu. Mgeni rasmi aliingia saa 11 kasoro. Tukampokea kwa wimbo, akakaa, akainuka kupokea simu. Ikaja sala. Ukaja utambulisho wa meza kuu. Ikaja risala ya kurasa sita, nusu yake kinanda. Itifaki ikazingatiwa mpaka ikachoka. Keki. Umeme, halafu jenereta, halafu umeme. Harambee ikala saa nzima na robo, na sisemi ilikuwa mbaya, kinanda kilipatikana. Saa 1 kasoro MC akamwendea Mwalimu akamnong'oneza: "Mwalimu, tupunguze kidogo, mgeni ana ratiba nyingine. Dakika kumi."

Nilikuwa mstari wa mbele, nilimwona. Alilowesha kidole kwa ulimi, akafunua kurasa ishirini na kitu kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayekunja mkeka. Tukaanzia Bagamoyo. Tukaimba kuutua mzigo ambao hakuna aliyetuona tukiubeba.

Na hata hizo dakika kumi hazikuwa zetu. Watu walikuja kututuza, wengine wakatupa mgongo wajipige picha na kwaya nyuma yao. Shangazi yangu mwenyewe, Mungu ampe umri mrefu, alinibandika noti ya elfu tano kwenye paji la uso nikiwa katikati ya kilio cha Susi. Nje magari ya msafara yalishawashwa. Vigelegele vilikuwa vingi sana siku ile, na ninaapa hakuna aliyeweza kukwambia kesho yake tulikuwa tunaimba nini.

Najua mnachotaka kusema. "Amekula viazi miaka sita, sasa anatufundisha kukaa." Dada mmoja tuliyeimba naye ataongeza kwamba mimi ndiye niliyekuwa nafika mazoezini saa 12 wakati tumekubaliana saa 11. Kweli. Daladala za Mbagala mnazijua, lakini kweli. Sikuwahi kusema mimi ni bora. Nilikuwa mle ukumbini, nilikula keki.

Mwingine atasema kwetu wimbo ni wa wote, hatukai kama mizigo bandarini. Na hapo ndipo mnaponishinda, kwa sababu nakubali. Onyesho lilipoisha mama mmoja alinifuata akaniuliza ile sauti niliitoa vipi. Nikamfundisha pale pale mlangoni. Ulimi wake ukagonga kama kijiko kwenye sufuria tupu, akacheka mpaka akatokwa na machozi, akaniambia ana miaka 71 na hajawahi kupiga kelele ndani ya kanisa. Nilimwonea huruma. Kwetu mtoto wa miaka minne anaweza.

Kwa hiyo msinisukumie maneno. Sitaki Temeke iwe Mainz. Yule mzee wa kidole angeletwa kwenye mkesha wetu mmoja tu angerudi mtu mwingine. Ninachosema ni kwamba kazi mpya ni kama mgeni aliyefika na habari kutoka mbali: mwache amalize, ndipo mpige vigelegele mpaka paa litoke. Na msiniambie habari za fedha. Najua huku kazi kama zile zina ruzuku, na waimbaji wale walilipwa. Mwalimu hakulipwa hata nauli. Lakini kunyamaza dakika 40 hakuhitaji mfadhili. Harambee ingeweza kusubiri. Keki ingeweza kusubiri. Mgeni rasmi ndiye aliyetusubirisha saa tatu kasoro, na yeye hakuweza kusubiri hata robo ya hizo!

Haya, nimepandisha sauti. Mwalimu alifariki mwaka uliofuata, na "ile kazi" haijaimbwa nzima mbele ya watu hata mara moja.

Jumapili nikampigia shoga yangu, yule yule wa "umejitakia", nikamwomba apite Mbagala kwa mama, mjane wa Mwalimu, aulizie daftari. Leo asubuhi kanitumia picha. Lipo. Mgongo mwekundu umeng'oka, mende wamekula pembe moja, na ukurasa wa Bagamoyo mjukuu kaufanyia hesabu za kugawanya. Juu ya sauti ya nne kuna 864 kwa 12, na kaandika 71.

Nikamwomba apige picha kurasa zote, moja moja, taratibu, mkono usitikisike. Kajibu: "Sawa, Mjerumani. Na kupumua naruhusiwa?"