Nani anashika ufunguo wa banio la Usangu?

Kila ifikapo Oktoba, picha za viboko waliobanana kwenye dimbwi la tope ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha zikianza kusambaa, hukumu hutolewa upya: wafugaji waondoke, wakulima wa mpunga wabanwe, Usangu yote, uwanda wa Mbeya ambako mto Ruaha Mkuu hupita kabla ya kufika hifadhini, ifungwe. Wanaosema hivyo wana sababu. Ruaha Mkuu ulikuwa mto wa mwaka mzima hadi 1993, ulipokatika wakati wa kiangazi, na tangu hapo kukatika kumekuwa jambo la kila mwaka. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi, katika mkutano wa kimataifa jijini London, kwamba ifikapo 2010 mto huo utakuwa unatiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2010 ulikuja ukapita, mto ukiwa bado unakatika.

Hoja ya kuwaondoa watu inastahili kusikilizwa kwa utulivu, maana ina uzito. Uwanda wa Usangu umepokea watu kutoka kila upande: Wasukuma na Wabarbaig na mifugo yao, Wamaasai, Wabena, Wakinga na Wanyakyusa waliofuata mpunga, wote wakiwakuta Wasangu wenyeji. Eneo lililopokea watu wengi kiasi hicho ndani ya miongo michache halilindwi kwa mazoea ya zamani tu. Juu milimani, Poroto na Kipengere, vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vimeshuka hadi kwenye chemchemi, ilhali Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kibinadamu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chini ya hifadhi kuna mitambo ya Mtera na Kidatu, na chini zaidi bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, linalotegemea mto Rufiji ambao kwa wastani hupata kama asilimia 15 ya maji yake kutoka Ruaha Mkuu. Nyati, viboko na mamba hawana mwakilishi kwenye mkutano wa kijiji. Hifadhi ina mpaka unaoonekana kwenye ramani, ina askari, ina bajeti. Kamati ya kijiji ina daftari na mwenyekiti anayegombea tena mwakani.

Shida ni kwamba dawa hiyo imekwishajaribiwa. Mwaka 2006 wafugaji wengi na mifugo yao walihamishwa Usangu. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali namba 28, Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ambayo eneo lake likavuka kilomita za mraba 20,000. Vijiji vikajikuta ndani ya mpaka, ukafuata mgogoro wa miaka 15, na mpaka wenyewe ukaja kurekebishwa tena mwaka 2023. Katika muda huo wote mto uliendelea kukatika. Kama mtuhumiwa mkuu ameondolewa na kosa linaendelea, mwenye haki hurudi kuupitia ushahidi.

Tuanze na ng'ombe, kwa kuwa ndio waliobeba lawama kubwa kuliko wote. Chukua ng'ombe laki tatu, kila mmoja anywe lita 40 kwa siku. Jumla ni lita milioni 12, yaani mita za ujazo 12,000 kwa siku. Ukizigawanya kwa sekunde za siku nzima, unapata chini ya mita 0.15 ya ujazo kwa sekunde. Ng'ombe hula majani, hukanyaga kingo, na wanapokuwa wengi mno huharibu ardhioevu. Hilo sipingi, na ni sababu tosha ya kuwawekea idadi. Lakini kunywa kwao hakuwezi kuukausha mto.

Sasa linganisha na takwimu ambayo ningependa kila anayezungumzia Ruaha aijue kwa moyo. Watafiti waliochunguza mwenendo wa maji ya Ihefu, ardhioevu ya Usangu ambayo mto hupitia kabla ya kuingia hifadhini, miaka ya 2000 walikokotoa kwamba ili mita 0.5 hadi 0.6 ya ujazo kwa sekunde ipite kuelekea hifadhini wakati wa kiangazi, ni lazima kiasi cha mita 7 za ujazo kwa sekunde ziingie Ihefu kutoka juu. Mita saba ziingie, nusu mita itoke. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo huchukuliwa na jua na mimea ya bwawa lenyewe, na maji hayatoki hata tone yakishashuka chini ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, mahali maji yanapotokea Ihefu. Wakati wa utafiti huo, kiasi kilichokuwa kikiingia kiangazi kilikuwa kama mita 4 tu. Ili kufikia saba, wakulima wa juu wangepaswa kupunguza matumizi yao ya kiangazi kutoka takriban mita 4.25 hadi 1.25, yaani punguzo la asilimia 70.

Takwimu hiyo husomwa haraka mno na kila upande. Mwenye kutaka watu waondoke huona asilimia 70 na kusema: hakuna kijiji kitakachokubali hilo kwa hiari, leteni askari. Nadhani inasema kinyume. Askari waliopo Ihefu wanalinda mahali ambapo maji hayajafika. Maji ya kiangazi yanaishia juu, kwenye mabanio, yaani vizuizi vinavyogeuzia maji kwenye mifereji ya mashamba, ya mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Mkoji na Ruaha yenyewe, nje kabisa ya mpaka wa hifadhi, kwenye vijiji vyenye hati na watu wasioweza kuhamishwa na yeyote. Mita tatu za ujazo zinazokosekana hazipatikani kwa doria. Zitapatikana pale mamia ya wakulima watakapofunga mabanio yao kati ya Agosti na Novemba, mwaka baada ya mwaka, hata siku ambayo hakuna afisa anayewatazama. Na kijiji kimoja kikifunga peke yake, akiba yake itanywewa na jua njiani kabla ya kufika Ng'iriama. Lazima wafunge wote, na wote wajue wenzao wamefunga.

Hapo ndipo historia ya banio inapohitaji kusimuliwa, kwa sababu inageuza picha ya nani aliharibu nini. Banio la asili la Usangu lilijengwa kwa miti, matawi, mawe, majani na udongo. Lilivuja. Masika yakija na mafuriko lilibebwa, wakulima wakakusanyika kulijenga upya. Wataalamu waliliona kama upotevu wa nguvu kazi na wa miti, na kuanzia miaka ya 1980 miradi ya kuboresha skimu za umwagiliaji ikaweka mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Nia ilikuwa njema. Lakini kule kuvuja ndiko kulikokuwa kukimpatia maji mwenzako wa chini. Zege lilipokaa barabara, mwenye banio la juu akapata uwezo ambao baba yake hakuwahi kuwa nao: kuuchukua mto wote wakati wa kiangazi, kwa kuzungusha gurudumu tu. Tena kazi ya kujenga upya kila mwaka, ambayo iliwalazimisha watu wa juu na wa chini kukutana na kujadiliana, ikatoweka. Kabla ya hapo dola yenyewe ilikuwa imeshaanzisha shamba la mpunga la Mbarali katika miaka ya 1970, baadaye likaja la Kapunga, kila moja likizidi hekta 3,000, na yote mawili yakabinafsishwa. Katika makelele ya kila Oktoba, mashamba hayo hutajwa mara chache sana kuliko mfugaji mwenye fimbo.

Kisha vikaja vibali. Mara nyingi kibali cha kutumia maji huandikwa kwa lita kwa sekunde, namba moja kwa mwaka mzima, kana kwamba mto wa Machi na mto wa Oktoba ni mmoja. Mwenye kibali hulipa ada. Lengo la ada lilikuwa kumfanya mtu ayaheshimu maji, lakini watafiti waliokaa na wakulima wa Usangu walikuta ada imefanya kazi nyingine: aliye juu, akiombwa apunguze, anajibu kwamba ameshayalipia. Deni lake kwa jirani wa chini limehamia kwenye risiti ya serikali.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa mjini hulikosa kabisa. Kwa nini mwanakijiji aliyevuna mpunga tangu Juni haufungi mfereji mwezi Septemba, wakati hana kitu shambani? Kwa sababu mfereji ndio bomba lake. Vijiji vingi vimejengwa kando ya mifereji, na mama anayechota ndoo mbili anategemea maji yaliyosafiri kilomita kadhaa kwenye mfereji wa udongo, yakizama na kusambaa kwenye majaruba matupu. Kaya zenyewe zinatumia kiasi kidogo. Kinachopotea ni kile kinachohitajika kuzibeba hizo ndoo mbili hadi mlangoni. Ukimwambia afunge banio ili viboko waishi, umemwambia afunge maji ya kunywa ya wanawe. Mchimbie kisima chenye pampu nzima, na hoja imebadilika. Pendekezo hili lina zaidi ya miaka 20. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na operesheni moja ya kuhamisha watu, na sijaona kwa nini halikuwa la kwanza kwenye orodha.

Kwamba wakulima wanaweza kukubaliana, si ndoto. Katika bonde dogo la Mkoji kumekuwa na zamu za maji, ndani ya skimu na hata baina ya skimu, nyingine zikiwa zimeanza bila mradi wowote. Miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Uingereza walibuni mchezo: ubao ulioinama mfano wa mto, gololi badala ya maji, vijiti badala ya mabanio. Wakulima wa juu na wa chini waliwekwa pamoja kuucheza. Wa juu, ambaye daima huona maji yakiingia kwake, aliona kwa mara ya kwanza jinsi ubao unavyobaki mtupu mbele ya mwenzake. Baada ya mchezo walikaa kujadili zamu na visima na namna ya kupunguza eneo la kiangazi. Hicho ndicho ninachokiita uhusiano wa jamii na mto: mtu wa Igurusi ajue maji yanayotoka kwake yanakwenda kwa nani, majina yao na zao lao, mpaka Ihefu na mpaka kwa viboko. Elimu ya mazingira inayoishia kwenye kupanda miche siku ya maadhimisho haifiki huko.

Upande huu nao una udhaifu usiofichika. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji, lakini kutambuliwa hakulipi mafuta ya pikipiki ya mtu anayekagua mabanio. Jumuiya nyingi huishi kwa fedha za mradi na hulala mradi ukiisha. Uongozi wake unaweza kutekwa na wenye mashamba makubwa. Haina ubavu wa kumwamuru mwekezaji afunge lango, wala kumzuia mhamiaji aliyeshuka jana na jembe lake kwenye chemchemi. Kwa hiyo serikali inahitajika, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji inahitajika zaidi kuliko ilivyo sasa: ipime maji kila lango, itoe vibali vya kiangazi tofauti na vya masika, iwabane wakubwa kwanza. Hifadhi pia inahitajika, na Ihefu isilimwe. Ninachokataa ni mpangilio wa kazi uliotumika, ambapo nguvu ilitangulia Ihefu na mazungumzo ya mabanio yakaachwa yasubiri.

Gharama ya mpangilio huo imeonekana karibuni. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa REGROW, dola milioni 150, wa kukuza utalii na uhifadhi kusini mwa Tanzania. Vyombo vya habari viliutaja zaidi kwa barabara na viwanja vya ndege vya hifadhi, lakini ndani yake kulikuwa na sehemu ya kuboresha umwagiliaji na kuimarisha jumuiya za watumia maji juu ya Ruaha, hasa kwa ajili ya kurudisha maji ya kiangazi. Yakaja malalamiko ya wanavijiji kuhusu kuhamishwa, kukamatwa mifugo na ukatili wa askari, yakafikishwa kwa jopo la ukaguzi la Benki. Aprili 2024 malipo yakasimamishwa, Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Mvutano juu ya mpaka uliondoka na fedha za mifereji, na wakulima wa juu, ambao ndio wanaoweza kuutoa mto huu mita tatu za ujazo unazozikosa, wakabaki na malango yaleyale.

Fedha za kuanzia upya si lazima zitoke Washington. Umeme wa Kidatu na Mtera unauzwa kila siku, na hifadhi inakusanya viingilio kila msimu, yote kwa maji ambayo mtu fulani huko juu amekubali kuyaacha yapite. Sehemu ya mapato hayo ikatengwa kwa sheria, ikachimba visima kwenye vijiji vya mifereji na kumlipa mkaguzi wa zamu wa kila jumuiya, kiangazi cha kwanza kitatuonyesha mengi. Mabanio yakifungwa na vipimo vya Ng'iriama vikabaki chini, nitakubali kwamba wanaotaka nguvu walikuwa na haki. Mpaka sasa hawajawahi kuruhusu jaribio hilo lifanyike kwa ukamilifu.