Amplifaya ya betri: AB au D, na chaji itakaa saa ngapi?

Anayeunda amplifaya ya betri ya volti 12 hukutana mapema na ubishi mmoja: achukue chipu ya klasi AB (ambayo transista zake hupitisha mkondo zikifuata sauti) kama TDA7297, au bodi ya klasi D (ambayo transista zake huwashwa na kuzimwa haraka sana) kama zile za chipu ya TPA3118? Wanaoitetea AB wanasema ni rahisi kuunda na kutengeneza. Wanaoitetea D wanasema haili chaji. Wote wana hoja, ila ubishi huu hauamuliki bila kupiga hesabu ya mkondo.

Kwanza tuziweke kando wati nyingi zinazoandikwa kwenye bodi. Chipu hizi mbili huendesha ncha zote mbili za spika, kwa hiyo volti za spika zinaweza kupanda hadi karibu 12, ambazo kwa RMS (wastani unaotumika kukokotoa nguvu) ni 8.5. Kwa spika ya ohm 8 hizo ni wati 9, hata kabla ya kutoa upotevu wa ndani. Tena muziki haukai kileleni muda wote: ukipandisha sauti hadi pale inapokaribia kukwaruza, wastani unaofika kwenye spika ni kama moja ya nane ya hapo, yaani wati 1 hivi. Muda wa betri unakokotolewa kwa wati hiyo moja.

Chukua betri ya asidi iliyofungwa, ya Ah 7 (ampea-saa, yaani ampea mara saa), na upange kutumia nusu yake, Ah 3.5, kwa sababu betri ya namna hii ikimalizwa mara kwa mara hufa mapema. Wati 1 kwenye ohm 8 ni ampea 0.35 za RMS, na kwa muziki wastani wake ni ampea 0.28 hivi. AB huvuta mkondo huo wote kwa volti 12 kamili, hata pale spika inapohitaji volti 2 tu. Zinazobaki zinageuka joto. Ongeza mA 50 ambazo chipu hula hata ikiwa kimya, unapata ampea 0.33, sawa na saa 10 na nusu. D huwasha na kuzima transista zake mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo upotevu ni mdogo. Ukichukua ufanisi wa asilimia 85 na mA 25 za ukimya, inavuta ampea 0.12, ambazo ni saa 28 hivi.

Shusha sauti hadi wastani wa wati 0.1, kiwango cha kusikiliza chumbani. AB inashuka hadi ampea 0.14 na kufika saa 25. D inakwenda kwenye ampea 0.035, saa 100. Ajabu ni kwamba AB inapoteza sehemu kubwa zaidi ya chaji yake pale unaposikiliza kwa upole. Anayesema "mimi sipandishi sauti, AB inanitosha" anaitetea kwa sababu inayoiangusha.

Hata hivyo AB ina haki yake. Ina vipande vichache, haihitaji koili kwenye njia ya spika, na hitilafu yake inatafutika kwa multimita ya kawaida. Zaidi ya hapo, kama kifaa kina redio ya AM, D italeta shida ya kweli: bodi inayowasha na kuzima kwa kHz 400 hutoa mawimbi kwenye 800 na 1200, katikati ya masafa ya redio hiyo. Kwa redio ya AM, AB ndiyo chaguo langu. Kwa spika ya kubeba yenye bluetooth, D haina mpinzani.

Lakini kabla ya chipu, angalia spika. Yenye dB 92 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 inahitaji robo tu ya nguvu ya ile ya dB 86 kutoa sauti ileile. Badala ya wati 1, robo wati: AB inatoka saa 10 na nusu hadi 18, D inafika karibu 70. Ni mara chache betri kubwa zaidi itakupa faida hiyo bila kuongeza uzito.

Wakati wa kuunganisha, usiguse hasi ya spika kwenye hasi ya betri wala kuunganisha hasi za spika mbili pamoja. Ncha zote zina volti, na chipu inaweza kuungua mara moja. Weka kapasita ya µF 1000 hadi 2200, volti 25, jirani na miguu ya umeme ya chipu, na fyuzi ya ampea 3 karibu na chanya ya betri. Bodi ya bluetooth ikileta mlio mwembamba, ipe umeme kupitia kibadilishi cha DC kilichotengwa, yaani ambacho hasi yake ya kutokea haijaunganishwa na ya kuingilia.

Mwisho, pima. Unganisha multimita kwa mfululizo kwenye chanya, kwa soketi ya ampea 10. Ile ya mA ina ukinzani mkubwa, itashusha volti na kukupa namba ya uongo. Piga muziki wako kwa sauti yako ya kawaida dakika kumi, andika usomaji kila baada ya sekunde thelathini, tafuta wastani, kisha gawanya 3.5 kwa namba hiyo.