Sheshe wa Kilombero na mpaka uliochorwa kiangazi

Sheshe ni ndugu wa kuro na tohe: swala wa rangi ya dhahabu, dume ana pembe, jike hana, na wote hawabanduki kwenye nyasi mbichi za kando ya maji. Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, Tanzania, kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, liliwahi kuhesabiwa kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote Afrika. Sasa wamepungua mno.

Wahifadhi wanataja ng'ombe, mpunga na ujangili, na hawasemi uongo. Ndiyo sababu mifugo iliondolewa kwa operesheni mwaka 2012, na mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero likapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, lenye ulinzi mkali zaidi. Tena Mto Kilombero ndio unaoupa Rufiji maji mengi zaidi, na huko chini kuna Bwawa la Nyerere. Bonde likiharibika, atakayelia si sheshe peke yake.

Lakini Wandamba walikuwa wakivua na kulima hapa kabla hakijasikika kitu kiitwacho hifadhi. Wafugaji wa Kisukuma walikuja baadaye, ni kweli, ila wapo waliokaa miaka katika vijiji vilivyosajiliwa na serikali hiyohiyo. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 ilipozuia kulima na kuchunga kwenye mapori tengefu bila kibali, mtu alilala mwanakijiji akaamka mvamizi. Hapo mimi niko upande wao: anayeondolewa namna hiyo anastahili fidia na ardhi nyingine, siyo tangazo la siku chache.

Hata hivyo, ubishi wote huu ni wa ukubwa wa eneo, wakati sheshe anaishi kwa majira. Kiangazi hushuka katikati ya bonde, maji yalikobaki. Masika mto ukifurika, hana budi kupanda pembezoni, kwenye ukingo wa miombo. Na ukingo huo ndio mkulima anaoupenda: una unyevu wa kutosha mpunga, na nyumba haisombwi. Kumfungia sheshe bonde la chini tu ni kumpa nusu mwaka. Ningeanza na shoroba chache, yaani njia za wanyama, za pembezoni, zilizokubaliwa na vijiji na kulipiwa, kabla ya kuongeza hekta moja huko katikati.

Kigingi kilichopigwa Agosti, ardhi ikiwa imepasuka kwa ukavu, Aprili kimezama. Sheshe naye yuko shambani kwa mtu.