Vyeo vya uwanjani si uongozi wote

Makala ninayoijibu hapa imeeleza vizuri jinsi kundi la Sealed Knot linavyoigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza vya karne ya 17, lakini mwasisi wake, Brigedia Peter Young, ametajwa kwa mstari mmoja tu, kana kwamba alikuwa mpenda maigizo wa kawaida. Young alikuwa komando katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akafundisha historia ya kijeshi katika chuo cha maofisa wa jeshi la Uingereza cha Sandhurst, na alipolianzisha kundi hilo mwaka 1968 alilipa jina la mtandao wa siri uliokula njama, katika miaka ya 1650, za kumrejesha Charles wa Pili kwenye kiti cha enzi. (Chaguo la ajabu kidogo, kwa kuwa mtandao huo ulisalitiwa na mmoja wa viongozi wake.)

Mwandishi wa makala anashangaa pia kwamba watu wazima hutii amri za kanali asiye kanali, yaani mwanakundi mwenye cheo cha maigizo tu. Laiti angesimama karibu na safu kule Nantwich, mji wa Uingereza ambako pigano la Januari 1644 huigizwa: mtu anamimina baruti halisi kwenye gobori lisilo na risasi, utambi unaowaka ukiwa katikati ya vidole vyake, na pembeni mikuki inayokaribia mita tano imeinuliwa. Hapo utiifu ni usalama. Nje ya uwanja, hata hivyo, kundi ni shirika la hisani lililosajiliwa, na wanaowajibika kisheria kwa fedha zake ni wajumbe wa bodi, si majenerali.