Mwanafunzi mzuri anapoanguka mwaka wa tatu

Waulize waliomaliza sekondari ni mwaka upi uliwatoa jasho. Ungetarajia wataje wa mwisho, wenye mtihani mkubwa, lakini wengi niliowafundisha hutaja wa tatu. Nazungumzia sekondari ya miaka minne. Palipo na mitano au sita, mwaka huo husogea kidogo ila haukosekani. Ni pale mtoto aliyezoea kupata 80 anapojikuta na 42 ya kemia, na nyumbani maswali yanaanza. Ni simu? Ni marafiki? Amependa?

Nimefundisha kemia na hisabati kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo kuhusu jambo hili. Msimamo wangu ni kwamba mara nyingi mtoto huyo hajabadilika hata kidogo. Anasoma vilevile alivyosoma siku zote. Kilichobadilika ni kazi anayopewa: imeongezeka, ndiyo, lakini zaidi imekuwa kazi ya aina nyingine. Tena pengo linaloonekana mwaka wa tatu kwa kawaida lilianza kuchimbika mwaka wa kwanza, wakati kila mtu anafurahia alama.

Chukua swali la kawaida kabisa la kemia ya ngazi hiyo. Sentimita za ujazo 25 za hidroksidi ya sodiamu yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali) zilihitaji sentimita za ujazo 20 za asidi ya haidrokloriki ili kubatilishana kabisa. Tafuta ukolezi wa asidi. Unageuza 25 kuwa lita, unapata 0.025. Unazidisha kwa 0.1, unapata moli 0.0025. Unakumbuka kwamba alkali hii na asidi hii hukutana moli moja kwa moli moja, kwa hiyo moli za asidi nazo ni 0.0025. Unageuza 20 kuwa lita, 0.020, kisha unagawanya 0.0025 kwa 0.020. Jibu ni moli 0.125 kwa lita.

Sasa kaa karibu na mwanafunzi aliyelikosa swali hili, uangalie karatasi yake mstari kwa mstari. Mlinganyo ameuandika na kuusawazisha vizuri. Uwiano ameuona. Hadi kwenye 0.0025 kalamu inakwenda bila kusita. Inapofika kwenye kugawanya, inasimama. Anaandika 0.0125, anafuta, anaandika 1.25, anafuta tena, halafu anairudia ile ya kwanza kwa sababu inafanana zaidi na majibu aliyowahi kuyaona. Mwenzake wa dawati la nyuma amesahau kugeuza zile 20 kuwa lita, amepata 0.000125, na hajashtuka. Wote wawili wataandikiwa kwenye ripoti kwamba kemia inawashinda. Kemia wanaijua. Kinachowaangusha ni desimali na vipimo, vitu walivyovipita mbio kabla ya sekondari au mwanzoni mwake.

Utaniambia wapewe kikokotoo. Kikokotoo ni kizuri, lakini mtoto asiyehisi kwamba 0.000125 ni ndogo mno kwa swali hili hatajua hata akibonyeza vibaya.

Hapa kuna jambo kuhusu akili zetu ambalo natamani kila mzazi alijue. Kwa wakati mmoja tunaweza kushikilia vitu vichache sana kichwani. Mwanasaikolojia George Miller alipoandika kuhusu hilo mwaka 1956 alikadiria saba, kuongeza au kupunguza viwili. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, aliyapitia upya matokeo ya utafiti na kushusha makadirio hadi takribani vinne. Vinne tu, na swali letu la asidi lina hatua zaidi ya hizo. Aliyefanya desimali mpaka zikawa mazoea hazimchukulii nafasi, kwa hiyo nafasi yote inabaki kwa ajili ya kemia. Ambaye bado lazima azifikirie, akimaliza kugawanya amesahau alikuwa anatafuta nini. Huyu si mvivu wala si mzito wa kuelewa. Kwenye swali lilelile, yeye anabeba vitu vingi kuliko mwenzake.

Mwaka wa kwanza uliyaficha haya yote. Mitihani yake huuliza mada mojamoja: mwezi huu sehemu, mwezi ujao asilimia, muhula ujao milinganyo sahili. Ukiwa dhaifu kwenye sehemu unapoteza alama chache, unazoa zilizobaki, unatoka na 78 na pongezi juu. Hakuna anayekuja kuuliza zile zilizopotea zilipotelea wapi. Kufika mwaka wa tatu, sehemu hazina mtihani wake tena. Zimo ndani ya mwendo na kasi, ndani ya umeme, ndani ya moli, ndani ya trigonometria, ndani ya kanuni zote anazotakiwa kuzigeuza ili herufi fulani ibaki peke yake upande mmoja. Udhaifu uliogharimu alama chache sasa unatoza kila wiki katika masomo matatu, kama deni lenye riba. Ndiyo maana 78 ya mwaka wa kwanza mimi siitazami kama wazazi wanavyoitazama. Nataka kuona zile 22.

Mwaka wa pili nitaupita haraka. Mtoto ameshazoea shule, ugeni umeisha, mada bado hazijapandana sana. Hatari yake kubwa ni kwamba kwenye mifumo mingi ndipo panapofanyika uchaguzi wa masomo, au karibu na hapo, na uchaguzi huo hufanywa kwa kutazama alama ambazo, kama nilivyosema, hazikupima kile kitakachohitajika mbele.

Kuna ugumu mwingine usiozungumzwa vya kutosha: kuambiwa kwamba ulichofundishwa si hivyo hasa. Mwanzoni mwa sekondari mtoto huambiwa elektroni, zile chembe ndogo ndani ya atomu, hukaa kwenye mizingo, 2 mzingo wa kwanza, 8 wa pili, 8 wa tatu. Anachora maduara, anapata alama zake. Baadaye anaambiwa mzingo wa tatu unaweza kubeba hadi 18, na wanaoendelea na kemia ya juu wanaambiwa kwamba elektroni haizunguki kama sayari inavyozunguka jua, bali kuna maeneo ambamo uwezekano wa kuikuta ni mkubwa. Yale maduara yanatokana na wazo la mwanafizikia Niels Bohr la mwaka 1913, na miaka ya 1920 haijaisha wanafizikia walikuwa wameshalipita. Hisabati nayo hufanya vivyo hivyo. Unaambiwa namba hasi haina kipeuo cha pili, nukta. Ukiendelea hadi hisabati ya juu, inafika siku unaambiwa kinaweza kupatikana, na kina herufi yake.

Mwalimu wa mwaka wa kwanza hakufanya kosa; huwezi kuanzia mwisho. Lakini aliyeelewa kwa nini mchoro wa maduara ulisaidia anaweza kuuacha na kushika mwingine, ilhali aliyeukariri anaona amesalitiwa. Nimewasikia wakisema kwa uchungu kabisa: “Mwalimu, kwa hiyo tulijifunza uongo?” Ningependa tuwaambie tangu siku ya kwanza kwamba hii ni picha ya kuanzia na kwamba itabadilika. Ni sentensi moja, na mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kuielewa.

Masomo ya sanaa yana njia yao ya kufanya hivi, nayo imejificha kwenye neno linaloanzia swali. Mwaka wa kwanza: taja sababu nne za Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtoto anataja mashindano ya silaha, miungano ya mataifa, uzalendo uliopita kiasi, kugombea makoloni, na mauaji ya Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria-Hungaria, kule Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 kama nyongeza. Alama zote. Miaka miwili baadaye swali linakuja hivi: kwa kiasi gani mauaji ya Sarajevo ndiyo yaliyosababisha vita? Mtoto anamwaga orodha ileile, safari hii ikiwa imepambwa vizuri zaidi, anapata nusu ya alama na haelewi. Kila alichoandika ni kweli. Hakuulizwa orodha, aliulizwa uamuzi: apime tukio moja dhidi ya mengine, aseme lipi lilikuwa cheche tu na lipi lilikuwa kuni, kisha atetee alichosema. Hilo ni zoezi tofauti kabisa, na shule nyingi hulianza kwenye karatasi ya mtihani badala ya kulianza darasani.

Juu ya hayo, mwaka wa tatu unamkuta mtoto akiwa na usingizi mchache. Mwili wa kijana balehe huchelewa kusikia usingizi usiku, si ukaidi wala si simu peke yake. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba wenye umri wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku, na miaka miwili kabla yake madaktari wa watoto wa nchi hiyo walikuwa wameshauri masomo ya sekondari yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Ni wachache mno kati ya wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wanaoukaribia usingizi huo. Wanaukata ili wapate muda wa kusoma, kisha wanakuja kusoma na kichwa kisichoshika.

Na mwaka wa mwisho? Mada mpya ni chache kuliko watu wanavyodhani. Uzito wake uko kwenye kurudi nyuma: kila kilichosomwa tangu mwanzo kinadaiwa kwa wiki chache, na kingi kimeshafutika. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, akijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, kwamba usahaulifu huwa mkali sana mwanzoni na hupungua kasi baadaye. Aliyesoma mada mwaka wa pili na hakuigusa tena hana cha kurudia, anaanza upya huku akijidanganya kwamba anarudia.

Hapo ndipo wengi hupotezea nguvu zao. Wanasoma daftari mara tatu, mara nne, wanapaka rangi mistari, wanajisikia wanajua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma; wengine wakavisoma tena, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa wiki moja baadaye, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo ile hisia ya kujua usiku wa leo haisemi lolote kuhusu wiki ijayo. Mbinu iliyomvusha mtoto mwaka wa kwanza, kusoma usiku na kuandika asubuhi, ilifanya kazi kwa sababu mtihani ulikuwa kesho. Mwaka wa mwisho mtihani hauko kesho, uko miezi mingi mbele, na unauliza kila kitu kwa pamoja.

Kwa hiyo sikubaliani na desturi ya kuwapa walimu wazoefu madarasa ya mwisho na kuwaachia wageni wa kazi madarasa ya kwanza. Naielewa, shule inahukumiwa kwa mtihani wa mwisho. Lakini mwalimu mzoefu ndiye anayeweza kuona, kwenye daftari la mtoto mwenye 78, kwamba kuna kitu hajakielewa na kitamrudia. Akiwa mwaka wa mwisho anachoweza ni kuzima moto.

Mwanafunzi aliyeko mwaka wa tatu sasa hivi hawezi kusubiri mpangilio wa shule ubadilike. Kwake yeye ningeanza kwa kumwondolea tuhuma, kisha nichukue mitihani yake mitatu ya karibuni na kalamu mbili. Rangi moja kwa alama zilizopotea kwa sababu hajui mada, rangi nyingine kwa zilizopotea kwenye hesabu, vipimo au kutosoma swali linataka nini. Mara nyingi rangi ya pili hushinda, na mtoto mwenyewe hushangaa. Baada ya hapo ni wiki mbili au tatu za sehemu, desimali na kugeuza kanuni, nusu saa kila siku, bila kugusa mada mpya hata moja. Na kama nusu saa hiyo haipatikani nyumbani, mwalimu wa kemia aitoe ndani ya kipindi chake cha kemia.