Weldi ya milimita 6

Kila nikifungua programu ya kukokotoa mikazo ya chuma, humkumbuka fundi nisiyemjua aliyechomelea jukwaa la Alexander L. Kielland. Jukwaa hilo la Norway lilielea Bahari ya Kaskazini likiwa makazi ya wafanyakazi wa mafuta. Jioni ya 27 Machi 1980, mguu mmoja kati ya mitano uling'oka, jukwaa likapinduka, wakafa watu 123.

Wachunguzi waliufuata ufa mpaka kwenye weldi ya kona ya milimita 6. Kazi yake ilikuwa kushikilia kipande cha bomba cha kuwekea chombo cha kusikiliza sauti chini ya maji. Ndani ya ufa ilikutwa rangi ya kupaka. Yaani ulikuwepo tangu karakanani! Mawimbi yakaukuza taratibu hadi nguzo ya kuunganisha miguu ikakatika.

Programu hujibu kuhusu weldi iliyochorwa, si ile iliyopigwa. Weldi ya kona yenye mguu (upande wake unaolala kwenye bamba) wa milimita 6 hubeba mzigo kwa unene wa milimita 4.2 tu, kwa sababu unene wa katikati ya pembetatu ya weldi ni mguu mara 0.7. Welda akipiga mguu wa 4, theluthi ya nguvu imekwenda, na kwenye skrini chuma bado ni kijani, rangi ya salama.

Na nyekundu, rangi ya hatari, nayo hudanganya. Pale weldi inapokutana na bamba, kuna kona kali. Programu hukokotoa kwa kugawa mchoro vipande; ukivifanya vidogo zaidi, mkazo kwenye kona hiyo hupanda tu bila kikomo. Namba hiyo usiishike. Soma mkazo pembeni kidogo, kwa umbali wa mara 0.4 na mara 1 ya unene wa bamba, kisha vuta mstari hadi ukingoni mwa weldi. Ulinganishe na majedwali ya uchovu wa chuma, yaani kupasuka taratibu kwa mzigo unaojirudia.

Nimeona fremu za trela zikipitishwa kwa kuangalia tu kama chuma kitapinda. Inaniuma sana. Trela hurushwa na mashimo kila siku, na uchovu hupasua weldi kwa mkazo mdogo kuliko ule wa kupinda chuma. Kununua chuma kigumu zaidi hakusaidii, maana weldi huchoka vilevile.

Kwa hiyo sitii saini kabla ya kwenda karakanani na geji yangu ya weldi. Nikifika naanza na vile vibano vya nyaya na vya mabomba ya breki ambavyo havimo kwenye mchoro, nauliza nani kavichomelea hapo, na lini.