Deni limekwisha, jina bado linasoma

Dada yangu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwaka jana alikwenda benki kuomba mkopo wa kuongeza mtaji, kabeba leseni ya biashara, barua ya serikali ya mtaa na daftari lake la mauzo lenye harufu ya soko. Afisa mikopo akaingiza namba yake ya NIDA, akatazama kioo, kisha akamwambia kwa upole, "Mama, hapa unasoma deni."

Deni lenyewe lilikuwa shilingi 16,400, mkopo wa simu wa kwenye laini iliyompotea sokoni muda mrefu nyuma. Alikuwa ameshausahau. Akalilipa jioni ileile. Wiki tatu baadaye akarudi benki na daftari lake, na bado alikuwa anasoma deni.

Wengi wetu hapa Mwanza tunadhani kulipa deni na kusafisha jina ni kitu kimoja. Ni kazi mbili, na ya pili hakuna anayekufanyia usipoisimamia mwenyewe.

Kwa kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania inatunza kanzidata ya taarifa za wakopaji. Wakopeshaji hupeleka taarifa za mikopo waliyotoa, na taasisi zilizopewa leseni, kama Creditinfo Tanzania, huzigeuza kuwa ripoti inayosomwa kabla hujapewa hela. Si orodha ya wakosaji. Anayelipa vizuri naye yumo. Na taarifa iliyomo ni ile aliyoileta mkopeshaji. Yeye akikaa kimya baada ya wewe kumaliza deni, ripoti haina pa kujulia kwamba umelipa.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia: mtu akishalipa, ule ucheleweshaji ufutwe palepale au ubaki umeandikwa?

Nimekaa miaka minne kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS, kwa hiyo upande wa mkopeshaji naujua kwa uchungu wake. Hela tuliyokuwa tunakopesha ilikuwa akiba ya walimu na wauguzi, watu wanaokatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Mwanachama mmoja alipoacha kulipa, mwingine alikosa ada ya mtoto mwezi wa kwanza. Kuna watu waliokopa Nyakato, wakakopa Igoma, wakavuka kwenda Geita kukopa tena, na kila walipofika walionekana wapya. Rekodi ndiyo iliyowakamata.

Tena kumbukumbu ikifutwa, anayeumia zaidi ni mlipaji mzuri asiye na mali. Mkopeshaji asipoweza kumtofautisha aliyelipa kila tarehe na aliyekimbia miezi minane, atapandisha riba kwa wote wawili au atadai hati ya kiwanja. Wanawake wa Mwaloni wenye hati kwa majina yao ni wachache. Historia nzuri ya marejesho ndiyo dhamana pekee ambayo dada yangu anaweza kuijenga kwa mikono yake. Ukiifuta ya mbaya, umeifuta na thamani ya ile nzuri.

Hoja hiyo naikubali. Lakini rekodi hiyo inahesabu nini hasa? Tuangalie ziwa.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, taa haivuti kitu, mitumbwi hulala ufukweni siku kadhaa kila mwezi, na hela hulala nayo. Marejesho ya benki hayafuati mwezi wa angani, yanafuata tarehe. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, kwa hiyo siku za giza husogea nyuma kidogo kila mwezi wa kalenda, na kwa mwaka husogea siku kama 11. Mtu anayechukua mkopo wa mwaka mmoja wenye rejesho la tarehe 5, katika kipindi ambacho tarehe 5 ina hela, anaweza kukuta kabla hajamaliza mkopo tarehe hiyohiyo inaangukia mbalamwezi. Anachelewa siku sita, analipa, mwezi unaofuata anachelewa tena. Hakuna aliyemwibia mtu, ila ripoti inaonyesha mkopaji asiyeaminika. Ongeza masika, dagaa wakiloa kwenye vichanja na kuuzwa bei ya chakula cha kuku.

Mtu huyo akikataliwa benki, haachi kuhitaji mtaji. Anakwenda kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kali, anaacha kadi ya benki au friji, na huko akilipa vizuri mara nyingi hakuna atakayemwandikia sifa popote.

Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wamejaribu njia yao. Mwaka 2020 Kenya ilizuia taarifa mbaya za deni lisilofika shilingi 1,000 za kwao kupelekwa kwenye rekodi. Deni la dada yangu lingepona hapo. Novemba 2022 Benki Kuu yao ikaja na mpango wa mikopo chechefu ya simu, yaani ile iliyokwama kulipwa: mabenki yasamehe angalau nusu, mkopaji alipe iliyobaki hadi mwisho wa Mei 2023, jina lirekebishwe. Uliwalenga watu zaidi ya milioni 4. Kile kizingiti cha deni dogo nakipenda na ningetaka tuwe nacho. Msamaha wa nusu unanipa shida, kwa sababu nawafikiria waliojinyima ugali wakalipa yote mwezi mmoja kabla haujatangazwa.

Msimamo wangu ni kwamba ucheleweshaji ubaki umeandikwa, lakini neno "umelipwa" liandikwe haraka, na kosa la mkopeshaji kutopeleka taarifa lisibebwe na mkopaji. Hapa nakiri: kwenye kamati yetu barua ya kumaliza deni tulikuwa tunampa anayeidai tu. Tulipaswa kumpa kila mtu.

Anayetaka kusafisha jina leo aanze kwa kuomba ripoti yake mwenyewe, ni haki yake. Aisome mstari kwa mstari: deni lisilo lake, jina lililokosewa herufi, mkopo uliolipwa unaosoma haujalipwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa nguvu ya kudai marekebisho. Vijideni vya simu avimalize kwanza, kabla havijavuka siku nyingi. Malalamiko ayapeleke kwa maandishi kwa mkopeshaji, abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Asiposikilizwa, Benki Kuu ina tawi hapahapa Mwanza. Vishoka wanaodai watakufutia jina kwa elfu hamsini ni wezi. Hawana mlango wa kuingilia kwenye kanzidata hiyo.

Dada alifuatilia kwa miezi miwili. Kilichomtoa ni barua ya kumaliza deni, ambayo sasa anaitunza kwenye kopo la maziwa pamoja na leseni. Ripoti ikasoma umelipwa, na siku alizochelewa zikabaki chini yake. Benki ikampa nusu ya alichoomba. Rejesho la kwanza liliangukia mbalamwezi, mitumbwi yote imelala, akalilipa kwa hela aliyokuwa ameitenga wiki mbili kabla, giza lilipokuwa bado nene na dagaa wanashuka Mwaloni kwa magunia.